Umepewa darasa la Sande skuli? Punguza kuhubiri, wape watoto kazi

Ukiwa kijana na ukazoeleka kanisani, siku moja utapewa watoto. Hakuna barua ya ajira wala mahojiano. Mama mmoja wa kamati atakushika mkono baada ya ibada na kukuambia, "Wewe si bado una nguvu? Tusaidie na hawa watoto Jumapili ijayo," na hapo umeshakuwa ticha. Jumapili ikifika unajikuta mbele ya watoto 40 katika kibanda cha mabati nyuma ya kanisa, au kwenye veranda ya ghorofa pale Pipeline ambako kanisa limekodisha orofa ya pili. Katikati yao yuko wa miaka mitatu anayelilia mamake, na wa miaka 12 ambaye sauti imeanza kuwa nzito na hataki kabisa kuonekana hapo.

Utafanya nini? Wengi hufanya walichofanyiwa wao. Funga mikono, funga mdomo, tazama mbele. Unasimulia kisa cha Daudi kwa dakika 20, unauliza "Tumeelewana?", nao wanajibu "Ndiooo" kwa ile sauti ya kuvuta unayoijua. Wimbo, biskuti, nyumbani. Njiani mzazi akimuuliza mtoto wamefundishwa nini leo, jibu ni moja: "Mungu."

Sasa mfikirie mtoto huyo huyo kuanzia Jumatatu. Shuleni yuko kwenye CBC, mtaala ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, na huko anafanya kazi kwa vikundi, anapanda sukuma kwenye gunia, anasimama mbele ya wenzake kueleza alichotengeneza (hata kama sote tunajua ni mzazi aliyekesha na gundi na kadibodi). Siku tano za wiki anaambiwa afanye, aguse, aulize. Siku ya sita au ya saba, kwa sababu ndugu zetu Wasabato wao hukutana Jumamosi, anaambiwa akae kama sanamu. Halafu tunashangaa akifika sekondari na kutuambia kanisa linamboesha.

Na hata Sande skuli yenyewe haikuanza hivyo. Robert Raikes, mchapishaji wa gazeti katika mji wa Gloucester kule Uingereza, alianzisha yake 1780 kwa ajili ya watoto waliokuwa wakifanya kazi wiki nzima na kubaki na Jumapili pekee. Waliokuja walifundishwa kusoma, Biblia ikiwa ndiyo kitabu chao cha kusomea. Mtoto alirudi nyumbani na kitu anachoweza kukifanya ambacho wiki iliyopita hakukiweza. Ukipima darasa lako kwa kipimo hicho, utajua upo wapi.

Tuchukue kisa kimoja tukifanye pamoja. Zakayo, Luka 19. Ukilitaja tu jina hilo Nairobi, watoto wataangua kicheko, maana wanajua hilo ndilo jina la utani ambalo Wakenya walimbandika Rais William Ruto kwa sababu ya ushuru, na mwenyewe amewahi kulitania hadharani. Usiwanyamazishe. Kicheko hicho kinakuambia kwamba tayari wanajua mtoza ushuru ni nani na watu humwonaje, kitu ambacho ungetumia dakika kumi kukieleza.

Wiki nzima kusanya vifuniko vya soda. Muulize mwenye kioski, atakupa mfuko mzima bure. Wape watoto kumi vifuniko kumi kila mmoja, hizo ni pesa zao. Mchague mmoja awe Zakayo, tena usimchague yule mfupi, kwa sababu wataanza kumwita hivyo hadi shuleni. Zakayo apite akitoza vifuniko vitatu kwa kila mmoja, ingawa serikali ya Roma ilitaka kimoja tu. Hesabu ya kifuniko kimoja ni yangu, haimo kwenye Biblia, lakini kilio utakachokisikia ni cha kweli kabisa. "Ticha, huyo ananiibia!"

Halafu Yesu anapita. Watoto waliobaki ndio umati. Zakayo anajaribu kupenya, wanamzuia kwa mabega, naye anapanda kiti, hicho ndicho mkuyu wetu. Kishikilie kiti hicho wewe mwenyewe. Yesu anamwita ashuke, wanaenda nyumbani kwake, na hapo Zakayo anasema atawarudishia aliowadhulumu mara nne.

Mwambie alipe. Kila mtoto alinyang'anywa vitatu, kwa hivyo kila mmoja anadai 12. Zakayo ana vifuniko 30. Analipa wa kwanza, analipa wa pili, amebaki na sita, na kuna foleni ya watoto wanane wanaodai haki yao. Na bado hajagawa ile nusu ya mali aliyowaahidi maskini. Hapo darasa hulipuka. Kuna atakayesema Zakayo auze nyumba, na mwingine atataka asamehewe. Na kuna yule aliyelipwa wa kwanza, amekumbatia vifuniko vyake na hataki kusikia habari ya kugawana. Hujahubiri hata neno moja, na watoto wa miaka minane wanajadiliana kuhusu toba, na kama samahani inatosha bila kurudisha ulichoiba. Kaa kitako usikilize. Kazi yako hapo ni kuuliza tu, "Wewe Zakayo, walipokuzuia ulihisi aje?"

Sio kila kisa kitakupa utajiri kama huo, lakini vingi vina kitu cha kushika. Goliathi tunaambiwa alikuwa na urefu wa dhiraa sita na shibiri moja. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hivyo kila mtoto anayo ya kwake. Wape uzi na chaki, wapime ukutani. Watagundua kwamba Goliathi wa dhiraa za mtoto wa darasa la kwanza ni mfupi kuliko Goliathi wa dhiraa za ticha, na hapo kuna ubishi mtamu. Kwa dhiraa ya mtu mzima anafika karibu mita 2.9, yaani juu kabisa ya kizingiti cha mlango. Mwite mtoto mmoja asimame chini ya ile alama. Watanyamaza wenyewe.

Au wale rafiki wanne wa Marko 2 waliombeba mwenzao aliyepooza. Tandika leso, mlaze mtoto mwepesi, wanne washike pembe na kumwinua kidogo tu, kiwango cha goti, hatutaki kupeleka mtu hospitalini. Wakifika kwenye kutoboa paa, usishangae mtoto akiuliza ni nani atamlipa landilodi mabati yake. Swali hilo ni zuri. Anakaa nyumba ya kukodi, anajua paa lina mwenyewe. Mrudishie: "Nyinyi mngefanya nini kuhusu hilo paa baada ya rafiki yenu kupona?"

Nikiwa bado hapo: kama darasani una mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au magongo, tafadhali usimpe kazi ya kuwa mgonjwa kila mara. Mpe awe Yesu. Mpe awe Farao, atafurahia zaidi.

Sasa lugha. Watoto wa Kayole, Umoja ama Kawangware wanaongea Sheng nyumbani, Kiingereza na Kiswahili shuleni, na Biblia tunayowasomea ina Kiswahili ambacho hata wewe wakati mwingine unakikodolea macho. Soma maandiko yalivyo, yana uzuri wake, lakini wakianza kukisimulia kisa wao, waache wakisimulie kwa lugha yao. Daudi akimwambia Goliathi kwamba yeye ni noma lakini leo atalala mapema, mtoto huyo ameelewa. Mzee mmoja anaweza kukunja uso. Mwalike aketi darasani siku moja, uso utakunjuka.

Kuhusu mstari wa kukariri, njia ya kurudia kwa sauti mara 15 inafanya kazi hadi mlangoni tu. Andika kila neno kwenye kipande cha boksi, wape watoto tofauti, wajipange kwa mpangilio mbele ya darasa. Kisha geuza kipande kimoja, wote wasome pamoja na kile kisichoonekana. Geuza kingine. Wakifika mahali ambapo vyote vimegeuzwa na bado wanasoma, wamekariri bila kujua. Wale wadogo wasiojua kusoma washikilie vipande, wanajiona wakubwa.

Tatizo kubwa zaidi ni la umri. Usijaribu kufundisha wa miaka mitatu na wa miaka 12 somo moja kwa sauti moja. Hata kama chumba ni kimoja, tandika mikeka miwili. Wadogo wanahitaji wimbo, mwendo, kisa kifupi na kitu cha kupaka rangi. Hawawezi kukaa zaidi ya dakika chache kwa jambo moja, na si utovu wa nidhamu, ni umri.

Wakubwa ndio walio hatarini. Kati ya miaka 10 na 13 ndipo mtoto huanza kuamua kama hili jambo la kanisa ni lake au ni la mamake. Makanisa mengi huwafanya wasaidizi: bebeni viti, gaweni biskuti, nyamazisheni wadogo. Kumpa kazi ni vizuri. Mpe asome andiko, ashike daftari la mahudhurio, apige kayamba, aongoze kikundi cha watu watano. Lakini asigeuzwe yaya wa bure. Naye anahitaji somo lake, na somo lake ni maswali.

Na hapa ndipo matichа wengi hukwama, kwa sababu tunauliza maswali ambayo majibu yake tunayo mfukoni. "Nani alimuua Goliathi?" Daudi. Basi, mazungumzo yamekufa. Jaribu hili: "Ungekuwa kaka mkubwa wa Daudi, ungemruhusu aende?" Hakuna jibu la kukariri. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moja hadi kumi moyoni. Kimya hicho kitakutesa, utataka kujibu mwenyewe, vumilia. Kwa kawaida anayejibu kwanza ni yule yule wa kila wiki, na ukingoja kidogo utamsikia yule wa nyuma ambaye hujawahi kuisikia sauti yake.

Ukiwafungulia mlango wa maswali, jiandae. Yatakuja mengine mazito. "Mbona tuliomba na mamangu akafa tu?" Usimpe mtoto jibu la haraka. Ukimwambia Mungu alimpenda mamake zaidi ndiyo maana akamchukua, mtoto haambiwi kwamba Mungu ni mwema, anaambiwa Mungu alimnyang'anya mama. Unaruhusiwa kusema hujui. Mwambie unasikitika, muulize mamake alikuwa mtu wa aina gani, akitaka kusimulia asimulie. Baada ya darasa, zungumza na anayemlea.

Kuna watu wanaoona kuruhusu maswali ni kulea utundu. Kwa hao ninawakumbusha mambo mawili. La kwanza, mara pekee Biblia inatuonyesha Yesu akiwa mvulana, ana miaka 12 na yuko hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. La pili si la kufurahisha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watoto. Watoto wale hawakuwa na uchaguzi, tusiwatwike mzigo usio wao. Lakini watu wazima waliowapeleka huko walikuwa watu wa kanisa, na walifika mahali ambapo neno la mhubiri haliulizwi. Mtoto aliyezoea kuinua mkono na kusema "Ticha, hiyo imeandikwa wapi?" anajifunza kitu atakachokihitaji akiwa na miaka 30.

Kelele zitakuwepo. Darasa ambalo watoto wanafanya kitu lina kelele, na ukuta wa mabati hauzuii chochote, kwa hivyo ongea na pasta mapema kabla hajatuma shemasi. Panga sehemu ya fujo iangukie wakati kwaya inaimba, na sehemu ya kupaka rangi wakati mahubiri yameanza. Kurudisha utulivu, kubalianeni ishara: wewe unapiga makofi kwa mdundo fulani, wao wanajibu kwa makofi, kisha kimya. Kiboko kiache. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni 2001, Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kuchapwa, na hakuna sehemu iliyosema kanisani ni tofauti. Hata kufinya sikio, acha.

Peremende nazo zina mtego. Ukimpa kila anayejibu, baada ya wiki tatu watoto wale wale wanne watakuwa na meno mabovu na wengine wameacha kujaribu. Kama una za kutosha wote, gawa mwisho. Kama huna, basi.

Jambo la usalama halina mjadala. Wawe watu wazima wawili kila wakati, hata kama ni lazima umwombe mzazi aketi tu nyuma. Usibaki na mtoto peke yako kwenye chumba kilichofungwa. Kumpeleka mtoto mdogo msalani kuwe na utaratibu unaojulikana na wazazi, na mtoto asiondoke na mtu usiyemjua hata akisema ni mjomba. Mtoto akikudokezea kwamba kuna mtu anamuumiza, usimhoji kama polisi na usimwahidi kwamba itabaki siri. Nambari 116 ya Childline Kenya ni ya bure, piga.

Na ile simu yako. Najua, Farao mwenye ndevu za pamba ni TikTok tupu. Lakini hao si watoto wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni mojawapo. Omba ruhusa kwanza, au piga picha ya mikono yao ikishika vifuniko. Inapendeza pia.

Pesa? Utasikia kwamba kanisa halina bajeti ya watoto, na mara nyingi ni kweli. Lakini hesabu kidogo. Ukichapisha karatasi za kupaka rangi kwa saiba kwa shilingi 10 kila moja, watoto 40 wamekula shilingi 400, na karatasi zenyewe utazikuta zimetupwa kwenye mtaro kabla hujafika steji. Vifuniko ni bure. Maboksi ni bure ukiwahi dukani kabla ya muuza makaratasi. Uzi, chaki, leso ya mamako, gazeti la wiki jana. Kitu ambacho hakipatikani bure ni nusu saa yako ya Jumamosi jioni, kusoma kisa mara mbili na kukifanyia mazoezi. Ukiingia darasani ukikitafuta kisa kwenye simu mbele yao, umeshapoteza.

Ukitaka kitu kitakachowarudisha wiki baada ya wiki, chukua mfano wa mpanzi katika Mathayo 13. Kata chupa nne za plastiki, zitoboe chini. Moja jaza udongo uliokanyagwa ukawa mgumu kama njia. Ya pili kokoto na udongo kiduchu juu. Ya tatu udongo wenye majani ya magugu yaliyokwisha mea. Ya nne udongo mzuri wenye samadi. Kila kikundi kipande maharagwe, na waandike kwenye boksi wanadhani ni chupa gani itashinda. Usiwasomee mwisho wa mfano siku hiyo. Maharagwe huchipuka baada ya wiki moja hivi, kwa hivyo Jumapili inayofuata watakuja mbio kuliko wazazi wao, na ndipo mtasoma sehemu iliyobaki mkiwa mmezizunguka chupa. Huenda ile ya kokoto ikawa imechipuka kwanza na watu wakaanza kujigamba. Waache. Ngojeni Jumapili ya tatu.

Katikati ya wiki chupa zitahitaji maji, na usizimwagilie wewe. Mpe ufunguo wa kibanda yule wa miaka 12, yule ambaye hakutaka kuonekana hapo, na umwambie Jumatano ni zamu yake.